Dada, santuri ya Baba bado ninayo

Dada,

Simu zangu hupokei, basi acha nikuandikie hapa, wasome na majirani.

Juzi kwenye matatu ya Jogoo Road dereva aliweka Malaika. Si ya Miriam Makeba, wala ya wale Boney M. Ile yenyewe, ya Fadhili William. Ya Baba.

Unakumbuka alivyokuwa nayo. Jumapili, fulana na chai ya rangi, anaifuta santuri kwa kanga ya Mama, na ole wako uguse sindano. (Ukimwambia wimbo ni wa Adam Salim, mnagombana mpaka chai ipoe.) Fadhili alipofariki 2001, Baba alizima redio, hakusema neno hadi usiku. Mzee huyohuyo wa kumlilia kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali ndiye aliyemfukuza yule wako, fundi baiskeli, kwa kukosa hiyohiyo mali. Hapo sikatai, alikukosea.

Lakini ile pini, Dada. Nilikuwa mlangoni. Uliichomoa kwenye nywele, ukaichora santuri mstari mmoja, mfupi kama ukucha, bila haraka. Ukairudisha kwenye bahasha yake vizuri, kisha ukanitazama.

Najua kwa nini ulinitazama vile. Ni mimi niliyetumwa getini kumwambia yule fundi wako umeenda ushago. Nilikuwa na miaka 12! Ningemkatalia Baba mimi? Na wewe ulikuwa bafuni, maji yanasikika hadi nje; kijana mwenye masikio angejua. Sikumfukuza. Nilisema tu nilichotumwa.

Nakushauri umsamehe Baba, marehemu hadaiwi. Mimi nimesamehe mengi. Nani alimwogesha miaka ile miwili ya mwisho? Wewe ulituma pesa ya jeneza kwa simu, na nashukuru, lilikuwa zuri.

Hakuitupa, kama ulikuwa hujui. Sindano ikifika pale kijana anapolalamika hana kitu, inakwama, inarudia, inarudia, mpaka Baba ainuke aisukume kwa kidole. Miaka yote hiyo hakuuliza ni nani. Nadhani alijua.

Ile ya kwenye matatu ilipita pale bila kukwama, nami mkono ulikuwa umeshainuka. Konda akagonga bodi, akidhani nashuka.

Nikashuka.