Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: ingia chumba cha kompresa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Yah: Gesi ya friji, maji taka na mafunjo katika viwanda vya minofu

Mimi ni fundi friji mstaafu. Nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa mwambaoni. Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tulikuwa tunagawiwa fulana, tunapanda miche kando ya barabara mbele ya viongozi, kisha tunarudi zamu. Sina ugomvi na miti. Ile michache iliyopona leo inawapa kivuli mama lishe. Ila katika miaka yote hiyo sikumwona kiongozi hata mmoja akiomba kufunguliwa chumba cha kompresa, yaani mashine inayosukuma gesi ya friji kwenye mabomba, na ndimo ulimokuwa uchafuzi wetu mkubwa.

Hauna moshi wala harufu, ndiyo maana hauonekani. Mitambo yetu ya kugandisha ilitumia gesi iitwayo R404A. Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja, joto inaloleta angani kwa miaka mia ni sawa na la kilo 3,900 hivi za hewa ukaa. Lita ya dizeli ikiungua kwenye jenereta inatoa kama kilo 2.7 tu.

Nilikuwa na daftari, kila mtungi ninaoufungua nauandika. Mwaka mmoja niliandika mitungi saba, kila mmoja kilo 10.9. Gesi ya friji haiishi kama mafuta, Mheshimiwa. Inazunguka humo humo kwenye mabomba, kwa hiyo mtu anayejaza anarudishia kilichovuja. Ukikokotoa, mitungi ile saba ni sawa na kuchoma zaidi ya lita laki moja za dizeli, kwa sababu ya viungio vichache vya mabomba vilivyochoka. Tuliomba vibadilishwe. Tukaambiwa tujaze, uzalishaji usisimame. Nilijaza, na inaniuma mpaka leo.

Dawa ipo na mafundi wanaijua. Kwanza kuziba: kupima uvujaji kila mwezi na kubadilisha kiungio kabla hakijaachia. Mtambo ukizeeka, uwekwe wa amonia, ambayo haipashi anga joto kabisa. Amonia ni sumu, haitaki ubabaishaji. Inataka mafundi waliofundishwa, vifaa vya kujikinga na king'ora kinachofanya kazi. Gharama yake ni kubwa mwanzoni. Lakini mtambo usiovuja unakula umeme kidogo, na mwenye kiwanda huiona tofauti kwenye bili yake.

Suala la pili ni maji yanayotoka sakafuni yakiwa na damu na mafuta ya samaki. Mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya kukata minofu, na mabondo, yaani vibofu vya samaki, yana wateja, hayatupwi. Maji hayana mwenyewe. Yakituama kwenye bwawa la wazi yanaoza na kutoa methani, ambayo nayo inapasha joto mara nyingi kuliko hewa ukaa. Bwawa hilo likifunikwa, gesi ile ile inavutwa kwa bomba na kuchemshia maji ya kuoshea, badala ya kuni. Maji taka hayo yakiachwa yafike ziwani, yanalisha mwani na magugu maji, na sisi tuliokulia hapa tunajua magugu maji yalivyofunga mialo miaka ya tisini.

Mafunjo ndiyo yaliyokuwa yanachuja uchafu huo kabla haujafika ziwani, na ndani yake samaki wadogo hujificha. Tope la chini yake limehifadhi kaboni ya miaka mingi. Ukikata mafunjo na kumwaga kifusi ili upate eneo la kuegesha malori, unaiachia kaboni hiyo iende angani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tembea na futi kamba, Mheshimiwa. Pima mwenyewe.

Ombi langu ni moja. Wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Waite wenye viwanda, na kila mmoja aje na takwimu zake za mwaka: kilo za gesi ya friji alizonunua, lita za dizeli, uniti za umeme, na vipimo vya maji yanayotoka kiwandani. Zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata ambako viwanda vipo, wavuvi wazisome. Mwaka unaofuata waitwe tena, tuone nani amepunguza. Miti waendelee kupanda, lakini cheti cha utunzaji wa mazingira kisitolewe kwa picha za miche.

Daftari langu bado ninalo. Nitakuja nalo siku utakayopanga, na chumba cha kompresa tutaingia pamoja nikuoneshe pa kushika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi friji mstaafu,
Igogo, Mwanza