Akili Mnemba Mijini: Ikikosea, Nani Atawajibika?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo viongozi wa miji na wafanyabiashara wengi wanalipokea upesi kuliko wanavyolitafakari, nalo ni matumizi ya akili mnemba (AI) katika miji inayoitwa miji janja, yaani miji inayoendesha huduma zake kwa kutumia data na mifumo ya kompyuta.

Sina ugomvi na teknolojia yenyewe. Mwaka 2012, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walijaribu kwenye makutano 9 ya barabara mfumo wa taa unaotambua magari yaliyopo na kupanga zamu zake papo hapo, na muda wa safari ukapungua kwa takriban robo. Kwa mwenye biashara ya kusambaza bidhaa, robo hiyo ni mafuta na saa za kazi. Tena mfumo wa namna hii ukikosea, foleni huonekana na kila aliye barabarani, na fundi ataitwa.

Mashine inayopewa kazi ya kushauri au kuamua mambo ya watu haiko hivyo, kwa sababu kosa lake linaweza kukaa kimya kwa miezi. Oktoba 2023, Jiji la New York lilizindua programu ya kujibu maswali ya wafanyabiashara kuhusu sheria na vibali. Machi 2024, waandishi wa habari walioijaribu walikuta ikiwaambia wenye maduka kwamba wanaweza kukataa fedha taslimu, ilhali sheria ya jiji hilohilo imekataza jambo hilo tangu 2020, na ikiwaambia waajiri kwamba wanaruhusiwa kuchukua sehemu ya bakshishi za wafanyakazi wao. Ni kweli kwamba jiji lilikuwa limeweka tahadhari kuwa majibu yanaweza kuwa na makosa, lakini tahadhari ya aina hiyo humwachia mzigo wa kosa yule asiye na uwezo wa kuligundua. Kampuni kubwa ina mawakili wa kuhakiki jibu kabla ya kulifuata. Mwenye mgahawa mdogo hana, na ndiye hasa anayeihitaji huduma hiyo. Akifuata ushauri alioupata kwenye tovuti ya jiji, anaweza kutozwa faini na jiji lenyewe. Hilo linanisikitisha kuliko hitilafu yoyote ya mitambo.

Suala la data nalo halifai kuachwa hadi baadaye. Huko Toronto, Kanada, mpango uliotangazwa Oktoba 2017 wa kujenga mtaa wenye vitambuzi (vifaa vinavyonasa taarifa za yanayotokea mahali) kila kona, chini ya Sidewalk Labs, kampuni dada ya Google, uliandamwa na swali la nani atamiliki taarifa za wapita njia. Mwaka 2018 Ann Cavoukian, aliyewahi kuwa kamishna wa faragha wa jimbo la Ontario, alijiuzulu kama mshauri wa mradi kwa sababu hakukuwa na hakikisho kwamba taarifa zingeondolewa utambulisho wa wahusika papo zinapokusanywa. Mei 2020 kampuni ilijitoa, ikitaja hali ya uchumi isiyotabirika.

Utaratibu bora upo. Septemba 2020 miji ya Amsterdam na Helsinki ilifungua daftari la umma ambamo mwananchi anasoma mfumo fulani unafanya kazi gani, unatumia data zipi na unasimamiwa vipi na binadamu. Ningependa kila mji unaotangaza zabuni ya mifumo hii uanze na daftari kama hilo, na mkataba utamke mambo mawili bila utata: data zibaki mali ya umma hata mkandarasi akiondoka, na kila uamuzi wa mashine unaogusa leseni, kodi au faini uwe na ofisa anayejulikana kwa cheo, mwenye mamlaka ya kuutengua ndani ya siku zilizotajwa. Vyama vya wafanyabiashara vidai masharti hayo kabla ya saini kutiwa, maana mkataba ukishafungwa kwa miaka kadhaa, kuubadili ni kazi ngumu na ya gharama kubwa.

Wako katika ujenzi wa miji,
Msomaji na mfanyabiashara