Serikali isimamie soko la korosho, isiwe mnunuzi

Mhariri,

Kila msimu wa korosho ukikaribia, yanarudi yale yale: Serikali iingilie kati au ituachie na wafanyabiashara wetu? Mimi ni mkulima wa Tandahimba. Tukiachiwa tu, tutaumia. Kabla ya stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, kuanza mwaka 2007, mnunuzi alikuwa akibisha hodi Februari, ndani hamna hata unga, anachukua korosho za msimu ujao kwa bei yake na kipimo chake. Ununuzi huo wa kinyemela, tunaouita kangomba, haujaisha mpaka leo. Anayemzuia mnunuzi huyo ni Serikali, kwa sheria na kwa mizani iliyokaguliwa. Ni mnada huo wa ghalani uliotupa nguvu ya kukataa bei za wanunuzi Oktoba 2018.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua. Novemba, Rais Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kusomba. Tulishangilia, maana bei ilikuwa ya haki. Lakini malipo yaliburuzwa hadi mwaka uliofuata. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa shamba lake lihakikiwe kwanza, na wapo waliosubiri miezi. Januari watoto wanakwenda kidato cha kwanza, vibarua wa palizi wanadai, na risiti ya ghala haipokelewi dukani. Mnunuzi binafsi akichelewesha pesa, unamshtaki serikalini. Serikali yenyewe ikichelewesha, unakwenda kwa nani?

Mwaka huohuo wa 2018 sheria ilibadilishwa, na ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Kwangu hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko hata ununuzi. Fedha hizo ndizo zilizonunua salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Mkorosho usiopuliziwa unashikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, maua yanakauka, na bei nzuri ya mnadani haikusaidii kitu kama huna cha kupeleka.

Kwa hiyo ninaomba Serikali iingie mapema, shambani na ghalani. Salfa ya ruzuku ifike Mei, si Julai maua yakiwa yameshaungua. Mnunuzi anayeshinda mnada alipe ndani ya siku zilizowekwa, akishindwa afungiwe. Na kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ibandike ukutani makato yote ya kila kilo, tuyasome kabla ya mnada.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara