Barua ya Wazi kwa Wapiga Penalti wa Timu za Mitaa, Moshi

Vijana wangu wa Majengo, Pasua, Njoro na Soweto,

Nawasalimu nyote. Nimewatazama mkipiga penalti msimu huu, nami nawaandikia kuhusu jambo ambalo mazoezi yetu hulipita bila kuligusa, nalo ni macho. Wengi wenu mna mguu mzuri, lakini mkishautenga mpira mnamkodolea macho kipa, na shuti linamfuata papo hapo alipo.

Greg Wood na Mark Wilson, wakiwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwavisha wapigaji vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho. Waliona kwamba mchezaji aliyeingiwa na hofu humtazama kipa mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mikwaju yake huelekea karibu naye. Tena kipa akipunga mikono, ulengaji huharibika zaidi. Hofu huyavuta macho kwenye kile kinachotisha, na mguu huyafuata macho. Goli lina upana wa mita 7.32, kwa hiyo kipa akisimama katikati, kila upande wake kuna mita 3.66. Nafasi ipo, ila asiyeitazama atailenga vipi?

Basi chagueni kona kabla hamjaanza kukimbia. Itazameni kwa utulivu, yapata sekunde nzima, mkikaza macho kwenye fundo moja la wavu, kisha yashusheni kwenye mpira na yabaki hapo mpaka mguu uuguse. Kipa ajirushe atakavyo. (Wapo wapigaji hodari wanaomsubiri aanguke ndipo waamue, lakini njia hiyo hudai kubadili uamuzi katika hatua ya mwisho, nami siwashauri ninyi mnaoanza.)

Makocha, nanyi wazee wenzangu mnaosimama kandokando ya uwanja, nawasihi sana: acheni kupaza sauti, "Usimpe kipa!" Watafiti wa Uholanzi walibaini kwamba mpigaji aliyeambiwa asipige karibu na kipa ndiye humtazama kipa zaidi, na mpira wake husogea huko huko alikokatazwa. Sisi tunaodhani tunamsaidia kijana ndio tunaomgeuza macho. Mtajieni mahali pa kupiga, kwa maneno machache, kisha nyamazeni.

Na katika mazoezi yajayo, fungeni vitambaa viwili kwenye kona za wavu, penalti zipigwe mwishoni miguu ikiwa imechoka, na kocha asimame mahali anapoweza kuyaona macho ya mpigaji.

Mzee wenu,
Moshi