Tiba ya homoni: acheni kututisha kwa ushauri wa 2002

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya afya imerudia tena kwamba tiba ya homoni kwa mwanamke anayekoma hedhi huleta saratani, na ikaishia hapo. Naomba nafasi nipinge, maana kauli hiyo inawanyima wanawake tiba wanayoihitaji.

Hofu hii ilienea Julai 2002, pale utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative uliposimamisha mapema jaribio la vidonge vya estrojeni na projestini, yaani homoni ya kike na dawa inayofanya kazi kama projesteroni, homoni nyingine ya kike, kwa wanawake zaidi ya 16,000. Ni kweli saratani ya matiti iliongezeka. Lakini kwa kiasi gani? Kwa mwaka, katika kila wanawake 10,000, waliougua walikuwa 38 kati ya waliomeza dawa, na 30 kati ya wasiomeza. Ongezeko ni wanawake 8. Hao nao ni watu, siwapuuzi hata kidogo. Ila magazeti yalitangaza ongezeko la "asilimia 26", na wengi wakaacha dawa kwa woga.

Kisichosemwa ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Majibu yao yakabebwa mazimamazima, akabebeshwa mwanamke wa miaka 48 ambaye hedhi ndiyo kwanza inamwacha. Dada yangu alikuwa akiamka usiku kubadilisha shuka zilizolowa jasho, asubuhi anakwenda kazini hajalala. Daktari akamwambia: "Vumilia mama, homoni ni saratani." Hakumpima presha, hakuuliza kama aliwahi kuganda damu, wala kama kwao kuna saratani ya matiti. Alimkatalia tu.

Tena homoni si dawa moja. Katika utafiti uleule, wanawake waliokwisha kutolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake hawakuonekana kuugua zaidi saratani ya matiti, ingawa kiharusi kiliongezeka. Estrojeni ya kubandika au kupaka kwenye ngozi haipiti kwanza kwenye ini kama kidonge, na tafiti hazijaionyesha kugandisha damu kama vidonge vinavyofanya.

Mwaka 2022 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kilieleza kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajatimiza miaka 10 tangu akome hedhi, na asiye na kizuizi cha kiafya, faida za tiba hii kwa anayesumbuliwa na joto la ghafla huzidi madhara. Vizuizi vipo: aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kiharusi, mwenye ini bovu, anayetokwa damu isiyojulikana chanzo. Na mwenye kizazi asipewe estrojeni bila projesteroni au projestini, maana ukuta wa kizazi unaweza kupata saratani.

Mtakapoandika tena, tafadhali mtaje umri, aina ya dawa, namna inavyotumiwa, na ni wangapi katika kila 10,000.

Wako,
Msomaji wa safu ya afya