Maji yapite chini, mafuta yabaki juu

Moshi,
Jumapili jioni

Baba Neema, rafiki yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku wazima, mama anakusalimu sana. Juzi uliponipigia kuniuliza kama dizeli iliyomwagika huku itawafikia perege wa huko kwenu, bwawa la Nyumba ya Mungu, nilikukatia simu haraka. Nilikuwa ndani ya maji hadi magotini, nisamehe. Leo nimetulia, nikueleze vizuri.

Lile lori lilianguka Jumanne alfajiri pale kwenye kalavati, ukitoka mjini kuelekea Boma Ng'ombe. Lilibeba saruji, ila tangi lake la dizeli lilipasuka na yote ikamwagika kijitoni. Dereva alitoka mzima, tunamshukuru Mungu. Mwenye lori alituma watu wa kulivuta na kuokota mifuko ya saruji, lakini kuhusu maji hakuuliza hata neno moja. Limeniuma hilo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka aliyechafua agharamie kusafisha. Mwenyekiti amepeleka taarifa polisi na kwa maofisa wa maji, tunasubiri.

Tulipofika, vijana walikuwa wameshakuja na madumu. Mzee anayesimamia mfongo wetu, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, unamkumbuka, aliwafukuza kwa fimbo. Akawauliza kama wamesahau Msamvu, pale Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu mia moja walivyoteketea wakichota petroli. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini alfajiri ile hakuna aliyejua kwa hakika ni nini kimemwagika.

Mzee huyohuyo ndiye aliyeokoa kijito. Maisha yake yote amepanga zamu za maji na kuziba mabanio, pale maji yanapoingilia mfongo, kwa hiyo hakuhangaika. Alitutuma vipande vitatu vya bomba la plastiki, tukajaza viroba udongo, tukaziba kijito mita kama mia mbili chini ya kalavati. Mabomba tuliyalaza ndani ya lile tuta: mdomo wa upande wa juu umezama karibu na tope, mdomo wa upande wa chini umeinuliwa. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, haizami. Basi maji yakawa yanapita kwa chini, na ile rangi ya upinde wa mvua ikabaki imejikusanya nyuma ya tuta, kila saa inazidi kuwa nzito.

Kuna mama mmoja alileta sabuni ya unga, kwa moyo mwema kabisa. Nilimshika mkono. Sabuni inayavunja mafuta yakawa matone madogo madogo yanayochanganyika na maji. Juu unaona pamesafika, kumbe yameshuka kwa samaki, yanaingia kwenye mashavu yao. Hilo nakuomba uwaambie na wenzako huko bwawani, maana wengi hawalijui.

Kuyatoa ndiyo ilikuwa kazi. Tulianza na maranda ya fundi seremala, yakanyonya kidogo, kisha yakalowa maji na kuanza kuzama. Ndipo mama akatoka ndani na mto wake wa sufi, ule wa tangu utoto wetu, akaupasua mbele yangu. Baba Neema, sikuamini macho yangu. Sufi ina nta ya asili, maji hayaiingii. Ilielea juu nyeupe, kavu, halafu palepale ikaanza kugeuka rangi ya chai kadiri inavyonyonya dizeli. Unaitoa, unaikamua kwenye ndoo, dizeli inatiririka, unairudisha tena. Tulifunga mifuko ya plastiki mikononi, bado ngozi yangu imebabuka katikati ya vidole. Mto wa pili nao ukaenda. Kufikia Alhamisi jioni tulikuwa na madumu manne na nusu.

Sasa swali lako. Tuta lilikamilika saa tatu asubuhi, na kilichotangulia kabla ya hapo hatukukipata, kilishaingia mto Weruweru. Kutoka hapo hadi mto Kikuletwa, na hadi kwenu, ni mwendo mrefu, na dizeli nyingine hupotea hewani kwa jua. Sidhani kama itafika bwawani. Lakini ukivua perege ukasikia harufu ya dizeli, usimpeleke sokoni, hata kama siku hiyo hujapata mwingine.

Hapa kwetu bado. Jua likiwa kali, harufu inapanda kutoka kwenye mizizi ya matete. Udongo uliolowa tumeuchimba, uko kwenye viroba juu ya turubai, mbali na maji. Ng'ombe tunawanywesha kwa ndoo kutoka bombani, na zamu za mfongo zimesimamishwa.

Nina ombi moja. Kama huko sokoni kwenu bado wanauza sufi, ninunulie kilo nne, nitakutumia pesa. Za mito miwili ya mama, na inayobaki nitaiweka kwenye kiroba kwa mzee, karibu na banio.

Nisalimie Mama Neema na watoto.

Wako,
Baba Goodluck