Nyumba ya kando ya ziwa itazamwe pia kutoka majini

Mhariri,

Picha za nyumba za kando ya ziwa zinazochapishwa magazetini karibu zote hupigwa kutoka barazani kuelekea majini. Naamini jambo hilo linatupotosha sisi tunaojenga pamoja na wasanifu wanaotuchorea, kwa sababu aliyekaa barazani haioni nyumba yake, ilhali anayepita kwa mtumbwi huiona yote: paa jekundu linalomeremeta juu ya vilele vya miti, ukuta mweupe, na chini yake ufuko uliofyekwa matete hadi ukabaki udongo mtupu.

Matete hayo ndiyo yanayoniuma zaidi. Ng'oa shina moja tu, utaona mizizi iliyofumana kama mkeka na kuyashika matope. Mizizi hiyo huzuia mawimbi yasiule ukingo, samaki wachanga hujificha katikati ya mashina, na mmea wenyewe hufyonza nitrojeni na fosforasi kutoka katika maji yatokayo bustanini na kwenye makaro, ambazo zikifika ziwani hulisha mwani mpaka maji yakawa ya kijani. Mwenye nyumba anayetaka kuyafikia maji anatoshwa na njia moja nyembamba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo.

Msanifu makini hukitembelea kiwanja masika na kiangazi, akatafuta alama ya mahali maji yalipofika mwaka wa mafuriko, kisha akaiweka nyumba nyuma na juu ya alama hiyo. Hasawazishi mteremko kwa tingatinga, bali hushusha sakafu hatua kwa hatua kuufuata, paa likabaki chini ya vilele vya miti, na upenu mpana ukaviweka vioo kivulini visimulike ziwa zima.

Geoffrey Bawa, msanifu wa Sri Lanka, alifanya hivyo katika hoteli ya Kandalama, iliyokamilika katika miaka ya 1990 mbele ya bwawa la kale. Aliliegemeza jengo kwenye jabali, akapanda mimea juu ya paa na kuiacha mingine itambae mbele ya vyumba, hata ukilitazama kwa mbali ni vigumu kulitenga na msitu. Ikiwa hoteli nzima imeweza kujistiri hivyo, sioni kwa nini nyumba ya familia moja ishindwe.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mtakapotuonyesha nyumba nyingine ya namna hii, mpiga picha wenu apande kwanza mtumbwi.

Msomaji wako